Pampu Niliyoilinda Isiungue

Chekeni tu, lakini msinitajie pampu mbele ya wakwe zangu, maana tangu siku ile pale mtaani Jabe nilipoaibika, mimi fundi umeme mzima, hasira haijanitoka, na sijui nimkasirikie nani zaidi, patroni aliyenipa kazi au hiki kichwa changu.

Patroni ana jengo la ghorofa nne, chini kajaza magodoro, juu kapangisha watu, na dada yangu Zuhura na watoto wake wanakaa ghorofa ya juu kabisa. Nikamfungia pampu ya kuzimia moto, nikaipa waya wake peke yake unaotoka kabla ya swichi kubwa, ili hata jengo zima likikatiwa umeme yenyewe iendelee kusukuma maji (hapo nilijiona profesa). Sasa patroni akaja, akaipapasa kama mtoto mchanga, akaniambia niilinde isije ikaungua, ni ya bei. Najua sheria, pampu ya moto haifungwi kidude cha kuizima ikizidiwa, lakini mlipaji ni yeye, nikaiwekea disjoncteur ndogo, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi.

Siku ya ukaguzi wa zimamoto patroni akaita wapangaji wote, soda, brosheti za nyama choma, mwenyewe ndani ya koti jeupe. Nikashika mpira wa maji kwa mbwembwe, pampu ikanguruma, maji yakaruka kidogo, yakalegea, yakamwagikia viatu vya patroni, pampu ikazima. Nikakimbia chumba cha pampu, nikapandisha swichi, nikarudi natabasamu, ikajikata tena, nikakimbia tena (pampu kubwa ikianza inavuta umeme mwingi mno, kidude changu kingevumilia wapi), mpaka wapangaji wakawa wananipigia makofi kila nikipita.

Afisa wa zimamoto akanifuata, akafungua kisanduku, akauliza nani kaweka kitu hiki. Nikamtazama patroni. Yule mzee, bila haya, mbele ya watu wote, akajifanya hajui umeme, akasema:

"Mi sijuwe mambo ya courant. Muulize fundi."

Niliwaka. Nikarudia kwa sauti kila neno aliloniambia, akakana, nikamwita mwongo, akaniita mwizi wa kazi, na brosheti zikapoa hakuna anayezigusa. Ndipo Zuhura akasogea, mtoto mgongoni, nikadhani anakuja kunitetea.

"Kaka," akasema polepole, "moto ukiwaka kwa magodoro, mi na batoto tuko kule juu. We ulikuwa unachunga pompe?"

Hasira yote niliyomrushia patroni ikanirudia mwenyewe, na mpaka leo haijaisha.

Kidude nilikitoa palepale, na patroni hajanisamehe, wala mimi sijamsamehe. Lakini bosi mwingine akinituma niilinde pampu ya moto, nitamkabidhi bisibisi ailinde mwenyewe, mimi niende zangu kuuza visamaki vya ndagala. Acha iungue ikifanya kazi yake. Pampu nyingine ipo dukani, Zuhura mwingine sina.