Prisila na Bwawa la Mihogo

Prisila anaishi nje kidogo ya Kibaoni, na alichoachiwa na marehemu mumewe ni shamba na bwawa dogo la kuvundikia mihogo. Zamani kila ukoo ulikuwa na bwawa lake. Wanawake walishinda pale wakimenya, wakisutana na kucheka, huku mihogo ikilainika majini. Siku hizi watu wananunua unga wa mifuko, wasiomjua aliyeusaga, na mabwawa yamegeuzwa majaruba ya mpunga. Limebaki hilo moja, na wanawake wachache wanaolijia.

Melkior, mdogo wa marehemu, alilitaka hata hilo.

"Shemeji, unatunza uvundo tu. Hapo ni pa mpunga."

"Uvundo huo ndio uliokukuza. Au wewe ulikuzwa kwa pilau?"

Mwenyekiti wa kitongoji alisema wasubiri. Mtafiti mmoja wa chuo, Gideon, alikuwa akizunguka mkoani kukusanya maji ya mabwawa. Akikuta kitu cha maana humo, bwawa litaachwa. Asipokuta, Melkior atalifukia kabla ya mvua.

Gideon alitafuta virusi vikubwa. Virusi vingi ni vidogo mno hata hadubini ya kawaida haivioni, lakini hivi huonekana, na kwa miaka mingi wataalamu walivitupa kwa sababu waliamini kinachokwama kwenye chujio la kuzuia bakteria hakiwezi kuwa kirusi. Huishi kwa kumshambulia amiba, kiumbe wa chembe moja anayekula bakteria. Kirusi kikubwa kinalingana na bakteria, basi amiba hukimeza akidhani amepata chakula. Kikishaingia, hujenga karakana yake humo ndani na kuzaana mpaka amiba apasuke. Penye mihogo inayooza bakteria hawakosekani, na amiba nao huwafuata.

Alimwomba Prisila amtekee chupa asubuhi, ataipitia akienda Mpanda. Prisila aliteka, kisha akayatazama yale maji. Yalikuwa na rangi ya uji uliochacha, na povu juu. Katika nyumba ile mgeni hakuwahi kupewa maji ya namna hiyo. Akayachuja kwa kanga, akayachemsha, akayapoza, akayatia kwenye chupa aliyoisugua kwa majivu.

Majibu yakaja kwamba hakuna kitu. Melkior akaanza kulundika udongo ukingoni. Gideon, ambaye hakuamini, akarudi mwenyewe.

"Mama, yale maji uliyafanya nini? Hayana hata amiba. Mimi nyumbani sinywi maji safi namna ile."

"Niliyatengeneza."

"Nani alikwambia uyatengeneze?"

"Mwanangu, ulitaka ukaseme huko kwenu kwamba sisi Wapimbwe tunawapa wageni uvundo?"

Gideon alicheka mpaka akaketi. Akamwomba sasa ampe uvundo. Prisila alichota, povu na maganda humohumo, akamkabidhi kwa mikono miwili huku ameangalia pembeni, kama mtu anayelazimishwa kuanika nguo chafu mbele za watu.

Safari hii vilipatikana. Vya aina moja vina umbo la mtungi wenye mdomo upande mmoja. Vingine ni vya mviringo, na ndani ya karakana yao kulikuwa na virusi vidogo vinavyoviibia vifaa vya kuzaania. Mwenyekiti akaamuru bwawa lisiguswe, na Melkior akachukua jembe lake.

Kwenye mkutano wa kitongoji Gideon alieleza kwamba virusi hivyo havimgusi binadamu. Hupunguza amiba, na amiba akipasuka, kinachomwagika hulisha bakteria upya. Maneno yote hayo yalipita. Watu waliondoka na neno moja tu, virusi.

"Dada, Ukimwi tumeuona, korona tumeiona," alisema Bernadetha, aliyevundika naye tangu usichana. "Leo tena vikubwa?"

"Vinakula amiba, Bernadetha. Umesikia mwenyewe."

"Leo. Na kesho?"

Bwawa lipo. Wenzake nao sasa wananunua unga wa mifuko, na Prisila anavundika peke yake. Mtu akipita njiani humwita aje ashike kisu wamenye wote. Wengi humwamkia kwa mbali, wakisema wana haraka.