Siku ya Medali Kituoni

Sisi wa Gesima barafu tunaijua ile ya mvua ya mawe, inayochanachana majani ya chai. Kwa hiyo nilipomwambia baba kwamba nacheza hoki ya barafu Nairobi, aliuliza swali moja tu: "Wanalipa?"

"Ughaibuni wanalipa," nikamjibu. Mchezaji ana mkataba, mshahara unaingia hata akiumia, na akifunga mabao mengi anaongezwa bonasi. Mkulima wa chai, anayesubiri bonasi ya majani yake kila mwaka, haelezwi mara mbili maana ya bonasi. Kufikia Sabato, kanisa zima lilijua binti yake anakula bonasi ya barafu.

Sikumsahihisha. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Timu yetu iliposhinda mashindano nje ya nchi, nilirudi nyumbani na medali shingoni na mfuko mtupu. Nikamweleza ukweli jikoni, macho chini: sisi hatulipwi hata senti, viatu vyenyewe vya barafu tunaazimana. Niliogopa. Mzee alikuwa amenisifu mno mbele za watu.

Baba akauliza, "Na hao wa ughaibuni, hulipwa kila mechi?"

"La. Mechi za mwisho za kuwania kombe, mshahara husimama. Wakishinda hugawana zawadi, na kila mmoja hukaa na kombe siku moja kwao."

"Siku moja kwao?" Akainuka. "Lete hiyo medali."

Asubuhi yake alinitangulia hadi kituo cha kupimia na kuuzia chai, gunia la majani begani, medali shingoni mwake. Foleni nzima ikageuka.

"Niliwaambia huyu analipwa," akasema. "Halipwi. Lakini ameshinda, na leo ni siku ya medali kwetu."

Akaitundika kwenye ndoano ya mzani. Nambari hazikusogea. Karani akacheka. "Mzee, hii haina uzito."

"Inao." Baba akaning'iniza na gunia, medali ikalala juu ya majani. "Sasa soma. Na leo usikate uzito wa gunia!"

Karani yule hakuwa amewahi kumsamehe mtu uzito wa gunia, unaokatwa kwenye kilo za kila mkulima. Siku hiyo alitazama mzani, akanitazama mimi, akaandika kilo zote kwenye risiti.

Risiti hiyo ninayo hadi leo. Ndiyo bonasi yangu, na asitokee mtu akaniambia ni ndogo.