Nilizima Sauti Mama Akiwa Anaongea

Admin, naomba usiweke jina langu wala jina la machimbo yetu, huku tunajuana. Shikamooni dada na kaka zangu. Nina miaka kumi na saba, naishi na wazazi wangu upande wa Kharumwa, mkoani Geita. Mimi ni mtu wa aibu sana, hata dukani namtuma mdogo wangu, kwa hiyo kuandika hapa nimejikaza.

Mwaka huu niliacha shule nikiwa kidato cha tatu. Sikupata mimba kama majirani wanavyosema. Baba alituhamishia machimboni, na njia ya shule ikawa inapita katikati ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Siku moja mwanaume alinishika mkono akanivuta. Nilipiga kelele, akaniacha. Mama aliposikia akasema, "Hupiti tena kule. Utasomea hapahapa, nitakufundisha mwenyewe."

Baba alicheka. "Wewe uliyeishia la tatu? Utamfundisha kuponda mawe?" Maana hiyo ndiyo kazi ya Mama, anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo.

Mama aliuliza watu mpaka akasikia kuna mwalimu mstaafu anayefanya mazungumzo kwa simu kila Jumamosi mchana, kwa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani pamoja na watoto wenyewe. Tukajiunga. Spika ya simu yetu ni mbovu, kwa hiyo mimi nilivaa earphone na kumweleza Mama kwa Kisukuma kila kilichosemwa. Alikuwa anaacha nyundo, ananawa mikono, anakaa kama yuko kanisani.

Mwalimu alitutangazia kwamba atachagua wanafunzi wachache, awasimamie mpaka wafanye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Sharti lilikuwa moja tu: mzazi achukue zamu aeleze anavyomsimamia mtoto wake. Mama alifanya mazoezi wiki nzima. Siku ya zamu yake alivaa kitenge kipya, na nilipomwambia hawatamwona alisema, "Mimi si najiona?"

Kabla yake aliongea baba mmoja wa Dar, Kiswahili kimenyooka, kinachanganyika na Kiingereza. Halafu Mwalimu akasema, "Karibu mama wa Geita." Mama akaanza kwa nguvu, "Shikamoo mwalimu! Wazazi wenzangu, kalibuni! Mimi sikusoma, ila mutoto wangu..." Hapo nikaona kwenye kioo cha simu mtu ametuma kikatuni cha kucheka, na wa pili, na wa tatu. Nilisikia moto usoni. Kidole changu kikabonyeza kitufe cha kuzima sauti.

Mama hakujua. Aliendelea, macho ameyafumba. Alisema hajui kusoma vitabu vyangu, ndiyo maana ananiambia nimfundishe yeye, na akiona hajaelewa anajua na mimi sijaelewa. Alisema mbuzi alipochinjwa kwa jirani aliomba moyo, tukaupasua pamoja, nikamwonyesha damu inapoingia na inapotokea. Sikuwahi kumsikia akiongea vizuri hivyo. Na sikioni kwangu Mwalimu alikuwa anaita, "Mama? Mama wa Geita, hatukusikii. Upo? Haya, twende kwa mwingine."

Ningeweza kubonyeza tena. Sikubonyeza.

Mama alimaliza, jasho linamtoka. "Wamesemaje, mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita.

"Wamepiga makofi," nikasema.

"Wabeja!" akasema, yaani asanteni, akashangilia kama mtoto. Jioni ile alimweleza Baba mara tatu.

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe. Sikuchaguliwa, kwa sababu mzazi wangu hakushiriki. Nilimwambia Mama nimekosa nafasi, sababu sikumwambia. Akauliza polepole, "Si walipiga makofi?" Nikatazama chini. Akasema, "Kumbe walikuwa wananicheka." Akavua kile kitenge kipya, alichokuwa amekivaa tena kumwonyesha jirani, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku.

Nilimwandikia Mwalimu kwa siri, nikamweleza ukweli wote. Alinijibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa na majina yameshapelekwa, nijaribu mwakani. Lakini huku hakuna mwakani. Baba ameshaamua niende Chato kwa shangazi, nikamsaidie kuanika dagaa. "Shule ya kwenye simu imeisha," amesema. Mama, ambaye zamani angebisha, alisema tu, "Aende. Mimi ndiye nimemwangusha."

Naondoka mwisho wa mwezi huu. Tangu siku ile Mama haongei Kiswahili kabisa. Hata muuza sabuni akimsalimia anaitikia kwa kichwa. Jana nilimkuta anaponda mawe peke yake, nikakaa pembeni nikafungua mdomo nimwambie. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ulisema damu inatokea upande gani wa moyo?" Nikamjibu upande wa kushoto, nikainuka nikaondoka.

Najua shule imeshaondoka. Sitaki mnitafutie shule. Nikimwambia Mama, atajua kwamba si watu wa Dar waliomwonea aibu, ni mtoto wake. Nikinyamaza, ataishi akiamini kwamba alisikika na akachekwa. Nyinyi ambao ni mama, hebu niambieni, lipi lingewaumiza kidogo? Naomba mnijibu kabla sijapanda basi.