Mishale Kwenye Mlango wa Stoo

Watu wanapotafuta mkosaji hawaendi mbali. Humtazama jirani asiye na wa kumtetea. Ndivyo ilivyokuwa huko Mau Narok, mnyauko ulipoingia katika viazi. Miche iliyosimama vizuri asubuhi ililala mchana kama iliyomwagiwa maji moto, na ukikata kiazi unakuta pete ya kahawia inayotoa usaha.

Kikundi cha wakulima kilikuwa na jibu tayari. Wengi waliopatwa na mnyauko walikuwa wamenunua mbegu kwa Mzee Gathogo, kwa hiyo mbegu zake ndizo zilizoleta ugonjwa. Wakakubaliana kwamba mkutano wa Ijumaa ungemfukuza, na mbegu zote zilizobaki kwake zichomwe. Mzee hakuwa na riziki nyingine.

Chepngeno, karani wa kikundi, alikuwa amesomea takwimu chuoni Nakuru. Aliona haya kumhukumu mtu kwa sababu mambo mawili yameonekana pamoja. Alichora duara la mbegu, duara la mnyauko, na mshale kutoka la kwanza hadi la pili. Kisha akajiuliza: je, kuna duara la tatu ambalo hatujalichora?

Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, hadi akalipata. Majirani wa Gathogo hununua mbegu kwake kwa kuwa ni karibu, na haohao hukodi trekta moja kwa pamoja. Trekta hilo lilikuwa limetoka kulima ng'ambo ya mto, katika shamba ambalo viazi vyake vilioza msimu uliopita. Likaingia kwao na udongo wa kule, likapita shamba hadi shamba bila plau kukwanguliwa, maana kila mtu alikuwa akipiga kelele zamu yake isipite.

Mwenye trekta alikuwa Kimeli, mume wa Chepngeno.

Alimweleza wakinywa chai asubuhi ya Ijumaa.

"Mama Kiprugut," Kimeli alimwambia mkewe, "unataka wanichomee trekta badala ya mbegu?"

"Nataka ulioshe."

"Kwani Gathogo ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu. Ndiyo maana ingekuwa rahisi kunyamaza."

Kimeli aliacha chai yake nusu.

Mkutanoni, Chepngeno alichukua chaki akachora maduara yake, sasa matatu, na mishale yake kwenye mlango wa stoo ya kikundi. Kibii, mwenyekiti, alikodoa macho.

"Madam, huo ni mchoro ama kuku wamepita hapo?"

Watu wakacheka. Chepngeno aliwaacha wamalize, kisha akamgeukia mkulima mmoja.

"Winrose, mbegu zako ulitoa wapi?"

"Kwa Mzee Gathogo."

"Na ulilima na nini?"

"Jembe la mkono. Shamba langu limeinama sana, trekta itapinduka."

"Viazi viko aje?"

"Viko sawa. Hata kimoja hakijalala."

"Na wewe, Nerima?"

"Mimi nilipanda mbegu yangu mwenyewe," Nerima alijibu kwa uchungu. "Trekta ilinilimia. Sina hata cha kuchemsha."

Chepngeno alifuta kwa kiganja mshale uliotoka kwenye mbegu. Ule uliotoka kwenye trekta aliukolezea chaki. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Karani," Kibii alisema polepole, "unajua hiyo trekta ni ya nani?"

"Najua. Huwa nampikia."

Hakuna aliyethubutu kugeuka kumtazama Kimeli, aliyesimama nyuma karibu na mizani. Gathogo alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani. Kibii aliuliza kama kuna anayetaka bado mbegu zichomwe. Hakuna mkono ulioinuka.

Ukweli una gharama, na nyumba ya Chepngeno iliilipa. Siku kadhaa Kimeli alikula kwa dada yake. Nyumbani alizungumza na ng'ombe zaidi kuliko alivyozungumza na mkewe. Chepngeno hakumwomba msamaha, wala hakuacha kumwekea chakula.

Lakini alipoitwa tena kulima, Kimeli alisimamisha trekta nje ya lango la mteja. Akakwangua plau kwa panga, akaipiga maji ya dawa, kisha akaanza na magurudumu, moja baada ya jingine.

"Boss, unaosha trekta kama unaenda harusi!" mteja alifoka. "Ingia ulime!"

Kimeli hakuinua kichwa. "Ukiwa na haraka, tafuta trekta ingine," alisema, akaendelea kusugua.