Tong ya Supu, Tong ya Sukari

Nilikuwa na miaka kumi na minne, tukikaa Matrah, Oman, mwaka wa pili tangu tuhame Unguja, na nilimchukia mama yangu. Sentensi hii nimeifuta mara nne. Kila mara imerudi.

Mama ni Mchina aliyezaliwa Unguja. Baba ni Mwarabu wa Oman. Mama na bibi, yaani mamake, walisema Kichina chao kila walipotaka sisi watoto tusielewe. Huo ndio urithi wangu: lugha ya kufichwa. Neno moja tu nilipewa, *popo*, ndiyo bibi mzaa mama. Nikamwita hivyo mbele ya wenzangu kulekule Unguja.

"Bibi yako popo?" wakapiga kelele. "Hulala kichwa chini? Kumbe ndiye anayetumalizia mapera!"

Nilirudi nyumbani nalia. Mama akasema, "Basi, mwite Bibi." Hata hilo moja akanipokonya.

Huko Matrah, bibi akapooza upande mmoja. Maradhi yakamfuta Kiswahili chote, yakamwachia kile nisichokijua. Asubuhi mama alikwenda kushona majumbani kwa watu. Mimi nilibaki naye.

Siku moja akasema, "Tong." Nilifurahi! Neno hilo nilikwisha kumsikia mama akilitamka anapotia sukari kwenye chai. Nikaleta sukari. Bibi akaisukuma. "Tong!" Nikadhani ni kidogo, nikajaza kikombe. Akakipiga kikamwagika mkekani, akalia kama mtoto, nami nikalia.

Mama aliporudi akamsikiliza. "Alitaka supu."

"Si ulisema tong ni sukari?"

"Ya sukari sauti iko chini. Ya supu iko juu."

"Ningejuaje? Kwa nini hukunifunza?"

"Nlitaka uwe kama wenzio, mwanangu."

"Wenzangu wanasema na bibi zao!"

Akaingia jikoni kupika supu. Skuli ya wasichana Matrah haikuwapo. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu nilizosomea Kurani chuoni. Nikaandika *tong* mara mbili daftarini, moja kwa mstari juu, moja kwa mstari chini, nikaisoma mpaka koo likakauka.

Kesho yake nilimpelekea bibi bakuli la supu. "Popo, tong."

Akafunga mdomo. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akainua kidole cha mkono wake mzima kuelekea darini: juu. Nikarudia. Bado. Supu ikapoa. Mara ya saba, au ya nane, akafungua mdomo.

Mama, aliyekuwa mlangoni na kitambaa chake cha kushona, akaangua kicheko huku anafuta macho. Mimi sikucheka. Mgonjwa asiye na upande mmoja wa mwili alinipa kwa asubuhi moja kitu ambacho mzima wa afya alininyima miaka kumi na minne.

Nikamsukumia mama daftari.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Neno la pili."