Nyekundu Kwanza, Poda Baadaye

Mwaka ule nilipoolewa, uso wangu ulikuwa na samaki. Nilikuwa nikikaanga samaki kwa mama, hapa Nchelenge, mafuta yakaruka yakanipata shavu la kushoto. Kidonda kilipona upesi, lakini kiliacha baka jeusi, nene katikati na lenye kichwa na mkia. Mdogo wangu, ambaye tulifanana mpaka majirani walikuwa wakituchanganya, alisema kilichobaki ni kumtia chumvi.

Mchumba wangu hakuwapo. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa Kabuta, na baiskeli yake ilikuwa imempeleka mbali huko bara kwenye migodi tangu kabla ya mvua. Angerudi siku chache tu kabla ya harusi, na desturi ilikuwa tusionane mpaka kanisani. Hata kabla ya safari hiyo tulikuwa tumeonana mara chache, na kila mara shangazi fulani alikuwa ameketi katikati yetu. Nilijiambia kwamba atakapoinua shela na kukuta baka lile, atapanda baiskeli yake na kurudi alikotoka.

Basi mama akamwita dada yake mkubwa kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mama mukubwa alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi nyumbani kwa mama mmoja Mgiriki, mke wa mnunuzi wa samaki, na ilisemekana hakuna jambo la urembo asilolijua. Alishuka kwenye mashua akiwa na kopo la poda kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Poda ile ilikuwa nyeupe kuelekea waridi. Aliichanganya na unga wa kakao mpaka ikafanana na ngozi yangu, akanipaka uso mzima, akanipa kioo. Mashavu yalipendeza. Lakini pale penye baka palikuwa na rangi ya majivu, na samaki wangu, ambaye zamani alikuwa mweusi, sasa alionekana ameoza. Nikaanza kulia, na machozi yakachora mito miwili kwenye kakao.

Mama mukubwa hakushangaa. Aliketi mbele yangu, akanifuta kwa kitenge chake.

"Bon, mutoto, sikiliza," alisema. "Poda peke yake haiwezi kushinda nyeusi. Ukiitia juu ya nyeusi, inakuwa majivu. Yule madame yangu alikuwa anapaka kwanza nyekundu chini ya macho, kisha poda. Tutafute nyekundu."

Nyekundu ilikuwepo, ila ilikuwa na mwenyewe. Mama aliyekuwa akinifunda, yule tunayemwita nachimbusa, alikuwa na nkula, unga mwekundu wa mti unaotumiwa katika mafundisho ya wari. Alipoombwa alikataa kabisa. Alisema nkula ni kitu cha heshima, si cha kuficha makovu ya jikoni. Mama mukubwa akajibu kwa Kiswahili chake cha Kilwa, nachimbusa akarudisha kwa Kibemba, na kila mmoja akajifanya hamwelewi mwenzake pale palipomuuma. Mwishowe nachimbusa akauliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, kama dawa hiyo ingeweza kusaidia pia kovu la kwenye paji la uso. Yeye mwenyewe alikuwa nalo, tangu utotoni.

Wakamjaribu yeye kwanza. Mama mukubwa alilainisha nkula kidogo kwa tone la mawese, akagusa kovu tu kwa ncha ya kidole, akangoja likauke, kisha akapigapiga poda ya kakao juu yake kwa pamba. Kovu likatoweka. Nachimbusa aliutazama uso wake kwenye kioo kwa muda mrefu, akaondoka bila kuaga, na tukasikia kwamba alizunguka nyumba zote za ndugu zake akiwa na shughuli ambayo hakuna aliyeielewa. Jioni alituletea nkula kikombe kizima.

Kwangu haikuwa rahisi hivyo. Mara ya kwanza mawese yalizidi, shavu likang'aa kama papai lililopasuka. Mara ya pili nyekundu ilipita mipaka ya baka, nikawa kama niliyepigwa kofi. Lakini asubuhi ya harusi mkono wa mama mukubwa ulitulia. Aligusa palipo peusi tu, akaacha pakauke, akapiga poda. Samaki akazama. Nikaenda kanisani nikinukia kama kikombe cha kakao, na furaha imenijaa.

Mdogo wangu alibaki nyumbani kusimamia vyungu vya karamu. Hilo ndilo lililotuponza.

Mhubiri alipomwuliza bwana harusi kama ananikubali, aliinua shela. Akaniangalia shavu la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Watu wakaanza kukohoa. Mhubiri akarudia swali. Bwana harusi akainama kwake, akasema taratibu, ila kanisa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia:

"Huyu si yeye. Huyu ni mdogo wake."

Kumbe alijua. Mwenzake mmoja wa baiskeli alikuwa amemwambia njiani kwamba mchumba wake ameungua, ana alama ya samaki shavuni. Na yeye, mtu wa biashara, alikuwa ameipenda habari ile. Alikuwa akiisimulia kila alipolala, kwamba anakwenda kuoa mwanamke aliyetiwa chapa ya kazi yake. Sasa alama haikuwepo, na aliyefanana nami hakuonekana popote kanisani.

Nilisikia hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikashika pembe ya shela, nikailowanisha kwa ulimi, nikajifuta shavu mbele ya watu wote. Kitambaa cheupe kikatoka na kakao, kisha na wekundu, na bibi mmoja wa upande wake akalia kwamba najichuna ngozi. Nikaendelea kufuta mpaka samaki akaibuka, na mkia wake.

Bwana harusi akacheka peke yake, kwa sauti. "Ndiyo," akasema. "Ndiye huyu."

Mhubiri alimkumbusha kwamba hilo silo alilouliza. Aliulizwa kama ananikubali. Akasema anakubali, tena anakubali na alama.

Nje kulikuwa na mpiga picha kutoka Kilwa. Mama mukubwa alitaka kunirekebisha, pamba tayari mkononi, lakini mume wangu alimwomba aniache hivyo. Mama mukubwa hakumsemesha siku ile yote. Alisema mwanaume asiyejua thamani ya kazi ya mikono hafai kulishwa, ingawa jioni nilimwona akimwekea minofu iliyo bora.

Mama mukubwa alikuwa amepanga kurudi Kilwa siku ya pili. Akakaa wiki nzima, maana kila asubuhi kulikuwa na wanawake uani kwetu, wa Puta, wa Kabuta, hata waliovuka kutoka Chisenga, wakiulizia kile cha kupakwa kabla ya poda. Nachimbusa aliketi karibu naye na kikombe cha nkula mapajani, akiwaambia wageni, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba nyekundu inatangulia.