Mkono Usio na Joto

Najua mtacheka. Mtaniambia Ramadhani mashetani hufungwa, na mimi saumu ilinipanda kichwani. Semeni mtakavyo. Wallahi haya yalinipata mimi, alasiri ya jua kali, hapa hapa Muscat.

Mimi ni fundi wa kukereza vipuri vya ndege, karakana yetu iko Azaiba. Kazi hii haitaki papara. Kipuri kikizidi kwa kiasi ambacho jicho halikioni, kinatupwa. Ndiyo maana hatukishiki ovyo kabla ya kukipima: joto la kiganja hukitanua chuma, na kipimo kikakudanganya.

Siku hiyo wenzangu walikwisha kwenda makwao kufuturu. Nilibaki na pini moja ya mwisho. Akaingia Salum, fundi mwenzangu, mume wa dada yangu Zuwena, kavaa kanzu nyeupe na kofia yake ileile. Akaiokota pini mezani, akaifumbata.

"Shemegi, iache hiyo, utaipa joto!"

Akatabasamu tu. Fundi gani asiyejua hilo? Alipoirudisha nikaipima kwa hasira, nimwoneshe alivyoiharibu. Pini ilikuwa imenywea. Nikaifuta maikromita, nikapima tena. Imenywea. Nikaigusa: baridi, kama imetoka kwenye friji. Niaminini, nilijipa moyo kuwa ni kiyoyozi.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Salum, yuko kwake Mabela.

"Uko wapi wewe? Nnakusubiri, karibu wataadhini. Zuwena keshatandika."

Nikainua macho. Yule aliyekuwa mbele yangu bado anatabasamu, kanyoosha mkono.

"Nipe nami niseme naye," akasema, kwa sauti ya Salum.

Hata bismillahi haikunijia. Nilitia pini mfukoni, sijui kwa nini, nikakimbia na ovaroli yangu hadi kwenye gari, na gari moja kwa moja hadi Mabela.

Laiti kisa kingeishia hapo. Salum alinifungulia mlango, sebule imejaa wazee na jamaa zake. Akanipa mkono kama siku zote. Nikaruka nyuma.

"Usinishike!"

Kisha, mbele ya baba yake mzazi, nikaitoa ile pini nikamwambia aishike kwanza. Watu wakaacha kula tende. Zuwena akaliita jina langu polepole. Salum akaipokea. Aliifumbata, akanirudishia. Ilikuwa na joto. Nikashusha pumzi, na ndipo nilipokumbuka, fundi mzima mimi, kuwa ilikuwa imeshapata joto mfukoni mwangu njia nzima. Nilikuwa nimemdhalilisha mtu nyumbani kwake kwa kipimo kisichopima kitu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipoeleza, wakasema ni saumu. Salum akasema, "Yamekwisha." Hayajakwisha. Kazini mashine zetu zinapakana, naye akifika asubuhi huweka mkono kifuani, "Sabalkheri," akapita. Hajanipa mkono tena, nami naona haya kuuomba.

Basi nakwambia wewe unayenisoma: likikutokea jambo kwa sura ya mtu wako, liache palepale ulipolikuta. Usiende nalo mlangoni kwake ukamtaka athibitishe kuwa yeye ni mtu. Atakuthibitishia, kisha hutaweza kumtazama usoni.